Steringi Anayetembea: Namna ya Kuielewa Filamu ya Askari Aliyeharibika

Kanuni ya kwanza tuliyoipata kwenye vibanda umiza, kabla hata hatujajua kusoma majina yanayopita mwisho wa muvi, ni kwamba steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungiwa kwenye ghala lenye mabomu, lakini lazima ainuke amalizane na adui mkuu, nasi tuliobanana kwenye mabenchi tupige kelele hadi jirani agonge bati. Sasa fikiria watu wazima watatu, chumba cha kupanga Mabibo, umeme umekatika, wanaangalia laptopu iliyobakiza chaji kidogo. Steringi amekaa mezani anamimina maziwa yaliyochacha kwenye glasi. Ametoka kufanya jambo ambalo DJ yeyote wa kibanda umiza angekosa maneno ya kulitafsiri. Tulikaa kimya kabisa.

Filamu yenyewe inaitwa Combat Shock, ya Buddy Giovinazzo wa Marekani. Ilitengenezwa kwa jina jingine mwaka 1984, ikaingia sokoni mwaka 1986 baada ya kampuni ya Troma kuichukua, kuipunguza na kuibandika bango la kivita, kana kwamba ndani yake kuna komando wa kufyatua risasi mwanzo mwisho. Nawahurumia walioikodi kwa kudanganywa na bango lile. Walitaka vita, wakaletewa mtu anayetembea.

Nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyependa kuambiwa akaitazame kwanza, ingawa simshauri aitazame usiku wala akiwa peke yake. Frankie alipigana Vietnam, akatekwa, akateswa. Sasa yuko New York, kwenye chumba kichafu, pamoja na mke aliyechoka na mtoto mchanga aliyezaliwa na ulemavu wa kutisha. Chakula hakuna. Kodi imewashinda, wanatakiwa kuhama, na mke ana mimba nyingine. Asubuhi Frankie anatoka kwenda kutafuta kazi, na karibu filamu nzima ni hiyo siku moja. Anapanga foleni kwenye ofisi ya kutafutia watu ajira, anaambiwa hakuna kitu. Anaandamwa na wahuni wanaomdai. Anampigia simu baba yake. Baba anadhani kuna mtu anamchezea, maana alishapata habari kwamba mwanawe alifia vitani miaka mingi iliyopita, na akishaelewa kwamba ndiye, anasema na yeye hana kitu. Kuna teja aliyepata unga akakosa sindano, anajichokonoa mkono kwa waya wa kutundikia nguo. Bastola inamfikia Frankie kupitia mkoba ulioporwa. Anawaua wale wahuni, anarudi nyumbani, anamuua mkewe, anamuua mwanawe, anakunywa yale maziwa, anajipiga risasi.

Laptopu ilipozima ubishi ukaanza, kama kawaida. Mwenzangu mmoja, fundi simu, akasema vita ndivyo vilivyomuua. Wa pili, anayefanya kibarua bandarini, akamcheka: vita gani wakati jamaa hana hata mkate, mpe mshahara wa mwezi mmoja uone kama ataua mtu. Mimi nikang'ang'ania kwamba ni yule mtoto, ile sumu waliyomwagiwa huko porini. Tukabishana hivyo robo saa, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba anavuta.

Mlangoni, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mzee wa chumba cha mwisho. Alikuja tu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na mwanga. Ni mmoja wa waliochukuliwa mgambo mwaka 1978 wakaenda kwenye vita vya Kagera, jambo tunalolijua kwa watu wengine, si kwa kinywa chake. Akasema, bila kututazama: "Huyo hatafuti kazi. Anakwepa kukaa."

Nimekuwa na maneno hayo kichwani tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya nijaribu kuifungua kamba yenyewe, nyuzi moja baada ya nyingine, maana filamu hii inazifunga pamoja kwa ustadi mpaka mtazamaji anadhani ni uzi mmoja.

Kumbukumbu isiyo na tarehe

Jambo linalompata Frankie lina jina kwa madaktari, na jina hilo lilikuwa changa sana filamu ilipotengenezwa. Ni mwaka 1980 tu ambapo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza kwenye kitabu chake cha magonjwa ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, ule ambao Waingereza huuandika kwa herufi nne, PTSD. Haukuingia kwa sababu madaktari waliamka siku moja wakauona. Askari waliotoka Vietnam walikuwa wamekaa vikundivikundi miaka ya 1970 wakisimuliana, wakapata matabibu waliokubali kuwasikiliza, na wakaishinikiza dunia ya tiba itamke kwamba kinachowasumbua kimetoka vitani, hakikuwa uoga wala tabia mbaya waliyozaliwa nayo.

Hali yenyewe ilikuwepo siku zote ikibadilishiwa majina. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani daktari mmoja, Da Costa, aliandika mwaka 1871 kuhusu askari wenye mapigo ya moyo yasiyotulia, wakaitwa wenye moyo wa askari. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers akaandika kuhusu mshtuko wa makombora, kwa kuwa wakati huo walidhani kishindo cha bomu ndicho kinachotikisa ubongo kwa nguvu ya hewa. Katika vita hivyohivyo Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama kutoroka na uoga, na iliwasamehe mwaka 2006, wote wakiwa wamekwisha kuwa udongo. Ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu, kila mtu akisie.

Na hapa Dar es Salaam vita hivyo tunavikanyaga kila siku bila kuvitaja. Kariakoo tunakokwenda kununua vitenge na vipuri ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi pale Waingereza walipoishika Dar. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita hivyo Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu. Aliyepewa heshima ya shaba ya kusimama pale Posta ni askari mmoja, kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, bunduki imeelekezwa bandarini. Myers alipokuwa akiwachunguza askari wa Ulaya waliopoteza sauti na usingizi, sijawahi kukuta daktari aliyeandika chochote kuhusu ndoto za mpagazi aliyerudi Uzaramo au Unyamwezi akiwa mifupa mitupu. Huyo alirudi kijijini, na kama alipiga kelele usiku walisema ana pepo. Labda walimpigia ngoma. Sisemi hivyo kwa dharau: makabila kadhaa ya Afrika Mashariki yalikuwa na desturi ya kumtakasa aliyeua vitani kabla hajaingia nyumbani kwake, na ukiisoma filamu hii kwa jicho hilo utaona kwamba Frankie alivuka kizingiti bila kunawishwa na yeyote.

Kiwewe kinafanyaje kazi? Kumbukumbu ya kawaida huhifadhiwa na muhuri: ilikuwa wapi, ilikuwa lini, imekwisha. Ukimkumbuka babu yako aliyefariki unahuzunika, lakini unajua leo ni leo. Mtu akiwa katika hofu ya kufa, sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari, amigdala, hufanya kazi kupita kiasi, na sehemu inayogonga ule muhuri wa mahali na wakati, hipokampasi, haifanyi kazi yake sawasawa. Kinachobaki ni vipande: harufu ya dizeli, mlio, rangi ya matope. Vipande havina tarehe. Vikiguswa, mwili haukumbuki hatari. Unakuwa hatarini upya, moyo unakimbia, jasho linatoka, mikono inatafuta silaha. Wakazi wa Mbagala hawahitaji kufafanuliwa hili. Mabomu yalilipuka kule tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, watu wakakimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakokwenda. Binamu yangu aliyekuwa Gongo la Mboto usiku ule, leo tairi la lori likipasuka barabarani anakuwa ameshasimama mlangoni na kitambulisho mkononi kabla hajajua ameinuka. Kisha anaona aibu, anasema alikuwa anataka kwenda dukani.

Mtu mmoja kushtuka hivyo si ugonjwa. Madaktari wanatazama kama hali imepita mwezi mmoja na kama imeharibu maisha yake, na wanatafuta mambo kadhaa kwa pamoja: tukio kujirudia kwenye ndoto au mchana kweupe, kukwepa kila kinacholigusa, mwili kukaa chonjo muda wote, usingizi mwepesi, hasira za ghafla, na moyo kufa ganzi, mtu akiwa mbali na mkewe hata wakiwa kitanda kimoja. Frankie anayo yote. Ila filamu ya kawaida ingekuonyesha lile la kwanza tu, kwa sababu ndoto za vita zinapendeza kwenye skrini. Mzee wetu aliliona la pili. Kutembea kule, mtaa baada ya mtaa, kwenye reli, chini ya madaraja, ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwenye filamu nzima. Nyumbani kuna mtoto anayelia usiku na mchana kwa sauti isiyo ya kibinadamu. Kukaa maana yake ni kusikia. Akitembea, angalau miguu inakuwa na kazi.

Liko jambo jingine ambalo hofu peke yake hailielezi. Frankie hakuteswa tu. Kuna mambo ya vitani anayoyakumbuka, kijiji na maiti, ambayo hayamtishi bali yanamshtaki. Siku hizi wanaoshughulika na askari wanalitenganisha hili na kiwewe cha hofu, wanaliita jeraha la dhamiri: maumivu ya mtu aliyetenda, au aliyeshuhudia akanyamaza, jambo ambalo mwenyewe anajua halikustahili. Dawa ya usingizi haifiki huko. Mtu mwenye jeraha hilo anaweza kukataa hata msaada unapokuja, kwa kuwa ndani yake ameshajihukumu.

Mwanasesere na sumu

Nirudi kwenye upande wangu wa ubishi, ule wa mtoto. Kati ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyizia misitu na mashamba ya Vietnam dawa za kuua majani, jumla yake takriban lita milioni 75, ili adui akose pa kujificha na cha kula. Iliyotumika zaidi iliitwa Agent Orange, jina lililotokana na mstari wa rangi ya chungwa kwenye mapipa yake. Ndani yake mlikuwa na uchafu wa kiwandani uitwao dayoksini, sumu inayokaa mwilini na kwenye matope kwa miaka mingi. Askari wa Marekani waliogusana nayo walianza kuugua saratani na maradhi ya ngozi, wakaishtaki kampuni zilizoitengeneza, na kesi ikamalizwa nje ya hukumu mwaka 1984 kwa dola milioni 180. Ndiyo, mwaka uleule wa filamu. Maana yake mtazamaji wa Kimarekani wa wakati huo alipomwona yule mtoto hakuhitaji kuelezwa; alikuwa ameshasoma habari hizo gazetini.

Je, baba aliyemwagiwa sumu anaweza kuzaa mtoto wa namna ile? Hapa filamu inakwenda mbele kuliko sayansi. Uhusiano wa dayoksini na saratani kadhaa umekubalika. Kuhusu watoto wa askari wanaume mjadala haujafungwa, ingawa Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996 ya kuwasaidia watoto wa askari wa Vietnam waliozaliwa na mgongo wazi. Wavietnamu wenyewe, waliobaki wakilima na kuvua katika udongo ule, wanahesabu wahanga wao kwa mamilioni, na fidia ile ya 1984 haikuwa yao. Sinema za Kimarekani za vita hivyo, hata za huzuni kama hii, mara nyingi humlilia askari aliyerudi na kumwacha mwenye kijiji kama maiti ya nyuma ya picha. Ni kasoro ambayo kwangu inaichafua filamu hii pia.

Mtoto mwenyewe ni mwanasesere. Anaonekana kabisa kwamba ni mwanasesere. Mara ya kwanza alipotokea, fundi simu wetu alicheka kwa sauti. Alipotokea mara ya tatu hakucheka.

Kwa nini? Hapa ndipo inapokuja hoja ya umaskini wa filamu yenyewe, na ninaomba nikae hapa kidogo kwa kuwa watu wengi, hasa sisi tuliolelewa na Bongo Muvi, tunaona bajeti ndogo ni aibu ya kufichwa.

Umaskini uliokataa kujificha

Combat Shock iligharimu takriban dola 40,000, fedha ambayo kwenye sinema ya Marekani ni ya kununulia chai ya wahudumu. Mkurugenzi alimpa nafasi ya Frankie ndugu yake wa damu, Rick, na Rick huyohuyo akatunga muziki kwa kinanda cha umeme. Walipiga picha kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 unaotoa chengachenga. Porini kwa Vietnam ni vichaka vya kwao Staten Island. Ukitazama vizuri majani hayafanani kabisa na ya Asia.

Sasa linganisha na tunavyofanya hapa. Mtayarishaji wa Dar akiwa na pesa kidogo, kitu cha kwanza anaazima jumba Mbezi Beach, anaazima gari, anaazima sofa la ngozi, kisha kisa cha watu maskini kinachezewa sebuleni mwa tajiri. Mama mwenye njaa ana wigi jipya. Tunacheka, lakini nadhani tunacheka kwa sababu tunaona uongo, wala si kwa sababu tunaona ukata. Giovinazzo alifanya kinyume. Hakuwa na pesa ya kujenga chumba kibovu, akapata chumba kibovu kweli. Hakuweza kukodi waigizaji wa barabarani, akaacha barabara tupu, na utupu huo ukawa ndio hali ya Frankie: mji mzima umempa mgongo. Taa mbaya zinafanya nyuso za watu ziwe za kijivu, kama za watu ambao hawajala. Hakuna fedha ya tukio kubwa la vita, kwa hiyo vita vinakuja kwa vipande, sekunde chache chache, vinakatika bila onyo, tena mtu yuko barabarani New York. Rudi juu kwenye maelezo ya kumbukumbu isiyo na tarehe. Ukata wa mtengenezaji ulimlazimisha kuuonyesha ugonjwa jinsi ulivyo. Angekuwa na mamilioni angetuwekea helikopta ishirini na jua la machweo.

Na yule mwanasesere? Unacheka mwanzo kwa kuwa unajua si mtoto. Kisha unaona wazazi wake wanamtazama bila kucheka, wanamlisha, wanagombana juu yake. Baada ya saa moja umechoka kama wao, na kicheko chako kimekuaibisha. Sidhani kama kila kitu kilipangwa. Kuna mahali filamu inachosha bila faida, na kuna wahuni wanaosema maneno yao kama watoto wa shule kwenye ngonjera. Lakini ninaamini filamu nyingi safi zenye ujumbe huohuo hazikai tumboni kama hii.

Kibarua wa bandarini ana hoja yake hapa. Umaskini wa Frankie hautokani na kiwewe chake peke yake, wala kiwewe hakitokani na umaskini, ila kila kimoja kinamfungia mwenzake mlango. Asiyelala hawezi kuamka alfajiri kuwahi kibarua. Anayeshtuka akiguswa bega hatadumu na bosi. Asiye na kazi anakaa nyumbani, na nyumbani ndiko mawazo yanakomkuta. Ongeza deni, ongeza notisi ya kuhama. Yule karani wa ofisi ya ajira hamtukani Frankie hata kidogo. Anamsikiliza kistaarabu, anamwambia hakuna kitu, anaita anayefuata.

Hili la nchi kutokuwa na kitu cha kumpa aliyerudi tunalijua kwa karibu. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1978 kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, makumi ya maelfu ya mgambo walijiunga na wanajeshi wa kudumu. Kampala ilianguka Aprili 1979. Wakati wengi wao wanarudi, wananchi walikuwa wameambiwa wafunge mikanda miezi kumi na minane, na mikanda ile ikafungwa miaka mingi zaidi: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, mashati ya viraka, maduka yenye rafu tupu. Kila tarehe 25 Julai tunaweka mkuki na ngao kwenye Siku ya Mashujaa, na waliozikwa Kaboya wanaombewa. Waliorudi wazima walirudi kwenye foleni. Mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akisikiliza mvumo wa yale makombora waliyoyaita saba saba, sasa amesimama nyuma ya watu mia mbili akisubiri kipande cha sabuni, na mtu wa nyuma anamsukuma.

Sijui wangapi waliumia namna ya Frankie. Neno la kulieleza halikuwepo kwenye vinywa vya watu. Yalikuwepo mengine: amekorofishwa, ana wenge, bangi zile za jeshi, katupiwa kitu. Na likawepo lile la utani mbaya tunalolitumia mpaka leo tukimwona mtu anaongea peke yake kituoni, kwamba huyo wa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma. Kwa utani huo tu, mtu anaweza kukaa miaka arobaini bila kukanyaga hospitali. Wala si mambo ya zamani peke yake. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, na wenzao wengi walijeruhiwa. Tuliyaona majeneza. Walionusurika wako miongoni mwetu, wanapanda mwendokasi kama sisi.

Sasa niseme filamu inapodanganya, maana inadanganya jambo moja zito. Ukiitazama bila kujua kingine utaondoka ukiamini kwamba askari aliyeumia akili ni bomu linalosubiri kulipuka juu ya mkewe na watoto. Takwimu hazisemi hivyo. Uchunguzi mkubwa wa askari wa Vietnam uliochapishwa Marekani mwaka 1988 ulikuta takriban wanaume 15 kwa kila 100 waliopelekwa kule walikuwa na ugonjwa huu wakati wa kuhojiwa, na karibu 30 kwa 100 walikuwa wameupata wakati fulani maishani. Hao ni mamia ya maelfu ya watu. Walio wengi hawakumuua mtu yeyote uraiani. Walikunywa, waliachana na wake zao, walihamahama kazi, walikaa kwenye gereji mpaka usiku wa manane wakifungua na kufunga injini ileile. Hatari kubwa zaidi ilikuwa juu ya nafsi zao wenyewe.

Tena filamu inakuonyesha kana kwamba hakuna mlango wa kutokea. Kwa Frankie wa mwaka 1984 huenda ulikuwa mwembamba kweli. Leo kuna tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu polepole kwenye tukio, akiwa na mtaalamu, mara nyingi, mpaka lile tukio lipate tarehe yake na likae nyuma. Kuna dawa kama sertralini zinazowasaidia baadhi. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hata yule teja mwenye waya wa nguo angekuwa Dar leo angeweza kwenda kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia teja kuacha unga, pale pale Muhimbili, huduma iliyoanza mwaka 2011, au Mwananyamala. Tiba si ya uhakika kwa kila mtu, inachosha, na wapo wanaoikimbia katikati kwa sababu kurudi kule kunauma. Lakini ipo, na mtengenezaji filamu hakuwa na wajibu wa kuionyesha; mimi ninayeandika makala ninao.

Kwa hiyo ubishi wetu wa Mabibo ningeuamuaje? Fundi simu yuko sahihi kwamba bila vita hakuna Frankie huyu. Kibarua yuko sahihi kwamba angekuwa na mshahara siku ile, huenda siku ile ingepita. Mimi na sumu yangu nina hoja dhaifu kuliko nilivyodhani. Na kati ya vyote, nikiitazama mara ya pili, kilichonikaa ni simu kwa baba. Pale ndipo mahali pekee ambapo Frankie anasema kila kitu, hali yake, mke, mtoto, kodi, kwa maneno mafupi, kwa mtu ambaye damu yao ni moja. Na mtu huyo ameshamzika. Baada ya hapo haombi tena. Mpaka bastola inapomfikia anabaki kutembea tu.

Usiku ule, ubishi ulipopoa, mzee aliinuka akashika kigoda chake. Nikamwuliza, kwa adabu niliyoiweza, kama na yeye alipotoka kule alikuwa akitembea. Akasema alitembea Mabibo mpaka Kigogo, akashuka bondeni Msimbazi, akapanda mpaka Kariakoo, kila siku, miaka miwili, na mkewe marehemu alijua anakwenda kutafuta kibarua. "Na kazi ulipata?" kibarua wa bandarini akauliza. "Nilipata," akasema, "lakini niliendelea kwenda." Kisha akatutakia usiku mwema.

Tulisikia malapa yake yakienda kuelekea chumba cha mwisho. Mlango haukulia. Baada ya muda yakapita tena dirishani kwetu, yakazunguka nyuma ya choo, na tulipokuwa tunatandika tulale yakapita mara ya tatu.